Mkanda wa Feni, Lushoto 1984

Mwaka 1984, Land Rover ya baba, Series III ya chesi ndefu, ilikuwa ikiamsha nusu ya mtaa wetu pale Lushoto. Ukungu wa Julai kule Usambara hulowesha hata nguo zilizo ndani, na asubuhi kama hizo baba akiwasha tu, mkanda wa feni ulipiga yowe jembamba la kutoboa masikio. Injini ikipata joto, kimya. Tukiteremka na kabichi na matunda damu kwenda Mombo, hakuna aliyeukumbuka tena.

Madereva wengi walikuwa na dawa moja: kipande cha sabuni. Unausugua mkanda, unanyamaza, keshokutwa unaanza upya. Mama aliichukia dawa hiyo, maana sabuni yenyewe miaka ile ilikuwa ya kupangia foleni. Mkanda mpya ndio usiseme. Baada ya vita vya Kagera nchi iliishiwa fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na mwenye mkanda wa akiba aliufungia kabatini pamoja na hati zake.

Fundi wetu, mzee aliyefanyia kazi chini ya mikaratusi, alitaka gari lilale kwake.

"Kesho asubuhi asiliwashe mtu kabla sijafika," alimwambia baba.

Alfajiri alifungua boneti kwanza. Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukabonyea kama sentimita moja.

"Haujalegea huu. Nikiukaza nitaua beringi ya pampu ya maji bure."

Kisha akamwambia baba awashe. Yowe likaja. Alieleza huku akielekeza kidole: stata imekunywa umeme wa betri, sasa altaneta inaurudisha, kwa hiyo ni nzito kuzungusha. Akaomba taa kubwa ziwashwe, na kweli mlio ukazidi. Akachota maji kidogo kwa kopo, akaunyunyizia mkanda upande wa ndani, mikono akiiweka mbali na feni. Mlio ukakatika ghafla. Punde ukarudi.

"Ungekuwa umelegea, maji yangeuzidishia kelele. Huu unakwenda upande."

Injini ilipozimwa aliutoa mkanda, akazungusha kila puli kwa mkono, sikio karibu, akitafuta beringi inayokwaruza. Hakuna. Ndipo akanionyesha mkanda wenyewe: ubavu mmoja uling'aa kama kioo, mwingine ulikuwa bado na weusi wake wa mpira. Mkanda wa namna ile hushika kwa mbavu zake, haushiki kwa tumbo; ubavu ukishang'aa unateleza. Akavuta uzi kutoka puli ya krenki hadi ya altaneta. Uzi uliigusa puli ya altaneta ukingo mmoja tu, huku wa pili ukiacha mwanya wa kupitisha ukucha. Tundu la bolti kwenye kishikio cha altaneta lilikuwa limelika, ikainama.

Aliweka washa moja nyuma ya kishikio, akakaza, akapima tena kwa uzi. Mbavu za mkanda alizisugua kwa msasa laini, akaurudisha uleule.

Mafundi hodari nimewaona wengi tangu hapo, na wengi huanza kwa kuuza mkanda mpya. Yule alianza kwa kusikiliza, na mkanda wetu ukavuka msimu wa kabichi.