Kalamu ya Muuguzi wa Scutari

Ukijaliwa kufika Istanbul, nchini Uturuki, panda kivuko uvuke maji ya Bosphorus hadi upande wa Asia. Hapo Üsküdar, mahali ambapo Waingereza walipaita Scutari, utaliona jengo kubwa la mstatili lenye mnara katika kila pembe. Hiyo ndiyo kambi ya Selimiye.

Wakati wa vita vya Krimea kambi hiyo iligeuzwa kuwa hospitali ya askari wa Uingereza. Novemba 1854 Bi. Florence Nightingale aliwasili pamoja na wauguzi 38. Walikuta majeruhi wamelala katika uchafu, na maradhi yakiua wengi kuliko risasi.

Watu huikumbuka taa aliyoishika usiku akiwapitia wagonjwa. Lakini kalamu yake nayo isisahauliwe. Askari walipofariki, aliwaandikia jamaa zao, akiwaeleza jinsi wapendwa wao walivyougua na maneno yao ya mwisho. Walio hai aliwasaidia kupeleka mishahara nyumbani.

Maelfu walifia pale. Barua haikumfufua hata mmoja. Hata hivyo, mama aliyekuwa ng'ambo ya bahari alijua kwamba mwanawe alipata mtu wa kumjali.

Leo, katika mnara mmojawapo, kuna makumbusho ya muuguzi huyo. Nasi, tuendapo wodini kumtazama ndugu yetu, tumgeukie na yule wa kitanda cha pili asiye na mgeni, tumwulize: "Je, kwenu wamepata habari?"