SAFARI ZA TRENI KATIKA MJI WA MUMBAI



Tangu nirudi kutoka India wengi wananiuliza habari za kule. Wengine wanataka kujua kama niliona tembo barabarani. Sikuona hata mmoja. Nilichoona sana ni treni, asubuhi na mchana, na juu ya treni nitaandika. Zilinifundisha jambo moja ambalo ninalifikiri kila mara ninapongoja taksi-bisi hapa kwetu Lubumbashi.

Sababu ya safari ilikuwa ugonjwa wa baba. Alipatwa na kansere, na daktari alituambia ya kama inafaa aende India kutibiwa kwa mionzi. Baba anajua Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza hapana. Basi jamaa walikaa, wakasema mimi nimsindikize, si kwa sababu ya ukubwa wangu, bali kwa sababu ya Kiingereza cha masomo. Ilikuwa vakansi, mwezi wa saba mwaka wa 2023. Matibabu yalikuwa ya siku 5 kwa juma, kwa majuma 6, maana yake siku 30. Chumba cha bei ndogo tulikipata katika mtaa wa Kurla, na hospitali ilikuwa karibu na stesheni ya Parel, kilometa 8 hivi kutoka pale.

Hapo hesabu ikaanza. Taksi nyeusi na manjano iliomba karibu rupia 150 kwa safari moja, maana yake rupia 300 kwenda na kurudi. Kwa siku 30 ni rupia 9,000. Vile vitaksi vya magurudumu matatu ni rahisi zaidi, lakini sheria inavikataza kuingia upande wa kusini wa mji, kwa hiyo visingetufikisha Parel. Treni, kalasi ya pili, ilikuwa rupia 5 kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili, kwenda na kurudi, rupia 20 kwa siku. Kwa siku zote 30, rupia 600. Feza iliyobaki ilikuwa ya dawa na chakula. Baba aliandika hesabu ile kwenye karatasi, akaitazama, akasema: «Mwana, ni treni tu.»

Treni za Mumbai ni za zamani. Ya kwanza ilitembea tarehe 16 mwezi wa nne, mwaka wa 1853, kutoka Bori Bunder mpaka Thane, kilometa 34. Fikiri: huku kwetu reli ilifika mwaka wa 1910, wakati mji ulipoanza kujengwa na kuitwa Elisabethville. Kule treni za umeme zilianza mwaka wa 1925. Leo kuna njia kubwa tatu: ya Magharibi, ya Kati, na ya Bandari. Zinabeba watu karibu milioni 7 kila siku.

Kusoma njia si kazi ngumu. Juu ya kila kituo kuna kibao kinachoonyesha herufi ya mwisho wa safari, halafu S au F, halafu dakika zinazobaki. S ni treni inayosimama kila mahali. F ni treni ya mbio, inayoruka stesheni nyingi. Hiyo F ni hatari kwa mgeni: inasimama Dadar, halafu inapita Parel bila kukutazama. Ndani ya treni sauti inatangaza stesheni inayofuata kwa Kimarathi, kwa Kihindi, na kwa Kiingereza. Baada ya juma moja baba alikuwa anatangulia sauti ile kwa kidole: Sion, Matunga, Dadar, Parel.

Shida ilikuwa kuingia. Saa ya baba hospitalini ilikuwa saa tano ya asubuhi, na treni zote zinazoshuka mjini wakati ule zinafika Kurla zikiwa zimekwisha kujaa. Milango haifungwi, watu wananing'inia inje, na treni inasimama nusu dakika tu. Siku ya kwanza tuliacha treni tano zipite. Baba aliniuliza: «Mule tutaingia namna gani? Batu banajaa sana.» Nikajibu: «Baba, tungoje ingine.» Lakini ile ingine ilikuwa sawasawa na ya mbele. Nilitazama saa, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio.

Ndipo polisi mmoja wa stesheni akatukaribia. Aliona bahasha ya hospitali katika mkono wa baba. Aliomba barua ya daktari, akaisoma, halafu akatupeleka mbele kidogo, mahali penye alama iliyopigwa rangi. Kumbe katika kila treni kuna chumba kidogo kilichotengwa kwa vilema na wagonjwa wa kansere. Imeandikwa wazi ubavuni mwa behewa. Treni ilipofika, kijana mwenye magongo alishika mkono wa baba, akamvuta ndani, nami nikafuata. Hakuna aliyetuuliza tumetoka inchi gani. Baba alikaa kwenye kiti. Wakati ule tu nilijua ya kuwa tutaziweza siku 30.

Wanawake vilevile wana mabehewa yao, na tangu mwaka wa 1992 kuna hata treni nzima ya wanawake katika njia ya Magharibi. Wale wanaochukua vyakula vya wafanyakazi katika bakuli za chuma wana chumba cha mizigo. Kila mtu anajua mahali pake.

Saa ya kurudi watu wanapungua, na tulipanda pamoja na wote. Hapo niliona sheria zingine ambazo hazikuandikwa popote. Kiti ni cha watu watatu, lakini wa ine akija, wale watatu wanajikaza, naye anaketi pembeni kwa nusu. Anayesimama anamuuliza aliyekaa atashukia wapi. Akijibiwa, kiti kile ni chake watakapofika, na hakuna wa kukinyanganya. Anayetaka kushuka hangoji stesheni ifike. Anajipanga mapema, anamuuliza aliye mbele yake kama naye anashuka, na kama hashuki wanabadilishana nafasi. Watu wanasukumana, sikatai. Lakini wanasukumana kwa utaratibu.

Mwezi wa saba ni wakati wa mvua kubwa. Siku moja treni yetu ilisimama katikati ya Kurla na Sion, kwa sababu maji yalifunika reli. Saa nzima ilipita. Baba alianza kutetemeka na saa ya matibabu ilikuwa inapita. Mzee mmoja kipofu aliyekaa mbele yetu alisikia namna ninavyopumua, akatuambia habari za tarehe 26 mwezi wa saba, mwaka wa 2005, wakati milimeta 944 za mvua zilipoanguka kwa siku moja na mji wote ukasimama. «Leo ni ndogo,» alisema. Mama mwingine alitugawia biskuti, akachukua karatasi yetu, akapiga simu hospitalini kwa Kimarathi ili wajue mgonjwa yuko njiani. Tulifika tumechelewa sana. Lakini walikuwa wamemwekea baba nafasi.

Sitaki mufikiri kule ni paradiso. Kila mwaka watu zaidi ya 2,000 wanakufa katika reli zile, wengi kwa kuvuka reli kwa miguu, wengine kwa kuanguka mlangoni. Na pale Parel, mahali tuliposhukia kila siku, tarehe 29 mwezi wa tisa, mwaka wa 2017, watu 23 walikufa kwa kukanyagana juu ya daraja jembamba la miguu. Mvua ilinyesha ghafula, watu wakabaki juu ya ngazi wakijificha, na wengine waliendelea kuja kutoka treni mpya. Baada ya msiba ule jeshi la India lilijenga daraja lingine, likafunguliwa mwaka wa 2018. Tulipokuwa na nafasi, baba alipenda kusimama kando na kuacha watu wapite kwanza. Alisema: «Haraka haina kazi hapa.» Nafikiri ni kweli. Sheria nzuri ya abiria haitoshi kama daraja ni dogo kuliko watu; inafaa wakubwa nao wafanye kazi yao.

Sasa kuhusu sisi. Tunapenda kusema: kwetu ni shida kwa sababu magari ni machache. Ni kweli, ni machache. Lakini Mumbai treni ni nyingi mno, na bado hazitoshi. Msongamano wao unashinda wetu mara nyingi. Kinachomwokoa mgonjwa kule si wingi wa treni. Ni kwamba nafasi yake ilifikiriwa mbele, ikapigwa rangi, na watu wote wanaijua. Hangoji huruma ya mtu. Kwetu, mama mwenye mimba akipata kiti katika taksi-bisi, ni bahati: amekutana na mtu wa roho nzuri. Siku asipokutana naye, anasimama.

Baba alimaliza siku zake zote 30, na hakukosa hata moja. Amerudi, bado anakwenda kwa daktari kupimwa, na nguvu zinarudi polepole. Tiketi ya mwisho ameitia ndani ya kitabu chake cha hesabu.

Ndugu zangu, hatuna reli kama ile, wala hatuwezi kuinunua. Lakini pale mbele ya masomo yetu, saa sita na nusu, tunavamia bisi moja sisi wote pamoja, na wadogo wa kalasi ya kwanza wanabaki katika vumbi. Wanaoshuka washuke kwanza. Kiti cha karibu na mlango kiwe cha mgonjwa, mzee, au mama mwenye mtoto, na tukubaliane hivyo kabla gari halijafika. Kazi hiyo haiombi hata franga moja.