Kitanzi Kilichoachwa

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na majira yale ambayo majani ya miti ya Ulaya hugeuka rangi na kupukutika, kamusi humpa neno vuli. Kwa hesabu ya miezi neno hilo linamtosha, maana miezi ni ile ile. Kwa maana halimtoshi. Vuli ya visiwani ni mvua ndogo zijazo baada ya demani. Ardhi hulainika, na mkulima hutia mbegu. Vuli ya kaskazini ni kinyume chake: siku hufupika, mashamba hulala, milango hufungwa mapema, na mikono iliyokuwa nje hurejea ndani kutafuta kazi ya kufanya. Hayo ndiyo majira ya kufuma.

Mwezi wa Oktoba, katika nyumba moja ya Ng'ambo mjini Unguja, bibi mmoja alikuwa na vuli zote mbili kwa pamoja. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ndani, juu ya mkeka, alikuwa na sindano mbili za kufumia na uzi wa sufu wenye rangi ya karafuu iliyokauka. Binti yake, aishiye Leeds, alikuwa akitarajia kujifungua mwezi wa Novemba. Bibi alikuwa akimfumia mjukuu kofia, na baada ya kofia soksi, na baada ya soksi skafu. Joto lilimtoa jasho vidoleni, na sufu ikawa inanata kwenye sindano, lakini hakuacha.

Binti alipopiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, alimwambia, "Mama, usijisumbue. Kofia za watoto huku zimejaa madukani, tena rahisi."

"Najua, mwanangu," akajibu. "Hiyo ya dukani mvalishe siku ya pili. Hii yangu mvalishe siku ya kwanza."

Jibu hilo si la mtu asiyejua bei ya vitu. Alijua kwamba mashine hufuma upesi kuliko yeye, hufuma sawasawa kuliko yeye, na haitoki jasho. Basi alikuwa akitafuta nini katika kazi ile?

Huenda wangemwelewa upesi wanawake wa Shetland, funguvisiwa lililo kaskazini mwa Uskoti, penye nyuzi 60 kaskazini ya ikweta. Huko, kwa karne kadhaa, kufuma hakukuwa kazi ya kukaa kitako. Mwanamke alijifunga kiunoni mkanda wa ngozi wenye mto mdogo uliotobolewa matundu, akachomeka ncha ya sindano moja humo, na mikono yake ikafuma huku miguu ikitembea. Zipo picha za zamani za wanawake hao njiani, mgongoni wamebeba makapu ya mboji ya kuwashia moto, mikononi soksi inarefuka. Katika kisiwa cha Unst walifuma shali za nyuzi nyembamba mno, ambazo shali nzima huweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kazi hiyo ilikuwa faraja tupu. Wafanyabiashara waliopokea shali na soksi hizo mara nyingi hawakulipa fedha. Walilipa chai na vitambaa, kwa bei waliyoipanga wao wenyewe. Tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza desturi hiyo ilichapisha ushahidi wa watu wa Shetland mwaka 1872. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1922, mrithi wa ufalme alivaa sweta la kisiwa cha Fair Isle akicheza gofu, na ghafla ulimwengu wa wenye nacho ukalitaka. Kidole kilichofuma kilikuwa ni kile kile. Kilichobadilika ni jicho la mnunuzi.

Hivyo, thamani ya kufuma kwa mkono haiwezi kupimwa kwa bei peke yake. Kipo kipimo kingine, nacho watu wa visiwa hukijua kwa njia ya huzuni.

Mwaka 1904, jijini Dublin, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa J. M. Synge uitwao Riders to the Sea, unaohusu familia ya wavuvi katika visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi. Kijana amepotea baharini, na maiti imeokotwa mbali, kaskazini. Dada zake wanaletewa shati na soksi moja. Shati haliwapi jibu, kwa kuwa kitambaa cha aina ile kimejaa madukani. Soksi ndiyo inayosema. Dada aliyeifuma anahesabu vitanzi, anakumbuka idadi aliyoanza nayo na idadi aliyoiacha kwa bahati mbaya, na hesabu inakubali. Hapo ndipo anapojua kwamba kaka yake hayupo tena.

Kutokana na habari za namna hiyo ilikuja kuenea hadithi kwamba kila ukoo wa Aran ulikuwa na mchoro wake wa sweta, ili mwanaukoo akizama atambulike. Wachunguzi wa historia ya ufumaji wameikataa; masweta mazito yenye michoro ya kamba, yajulikanayo leo kwa jina la visiwa hivyo, ni ya karne ya ishirini, na kwa sehemu kubwa yalikuzwa na soko. Hadithi hiyo inapendeza, lakini Synge aliona kwa undani zaidi. Mchoro wa ukoo ni wa wengi, na yeyote aweza kuuiga. Kosa ni la mtu mmoja, siku moja, pengine alipoinua kichwa kumwitikia aliyebisha hodi. Kilichomtambulisha yule kijana kilikuwa ni kitanzi kilichoachwa.

Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia wakapotea. Waliobaki nchi kavu walifanya kazi ile ile ya dada wa Aran: kutafuta miongoni mwa maiti alama ya mtu wao. Katika saa kama hiyo nguo huacha kuwa pambo. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa majuma na miezi, humfahamu aliyeivaa, na humfahamu zaidi aliyeishona.

Lakini kufuma hakungojei msiba, wala hakuchagui binadamu. Katika kisiwa cha Phillip Island, jimbo la Victoria nchini Australia, wanaishi pengwini wadogo, kila mmoja uzito wake kama kilo moja. Mafuta ya meli yanapomwagika baharini, manyoya ya ndege huyo hugandamana na kuruhusu baridi ya maji kufika mwilini. Naye, kwa kujisafisha kwa mdomo, humeza sumu. Waokoaji humvisha sweta dogo la kufumwa ili mdomo usifikie mafuta, mpaka apate nguvu ya kuoshwa. Mwaka 2001 mafuta yaliwapata pengwini 438, na asilimia 96 kati yao waliokolewa. Miongoni mwa waliowafumia ndege hao alikuwamo Alfred Date, aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 110. Watu wa nchi nyingi walifuma, hata masweta yakazidi ndege. Yaliyozidi yakavishwa wanasesere wa pengwini na kuuzwa ili kuchangia kazi hiyo.

Yupo atakayecheka. Paka wa Mji Mkongwe au wa Lamu akivishwa sweta atalivua kabla ya adhuhuri, na haki itakuwa yake. Lakini Nairobi, kwenye makao ya tembo yatima, ndama hufunikwa mablanketi siku za baridi, kwa kuwa hakuna mama wa kujikinga ubavuni mwake, na homa ya mapafu huwaua upesi. Na yale masweta yaliyozidi hayakuwa upumbavu. Yanaonyesha kwamba mfumaji hutoa kuliko haja, kwa sababu hofu yake ni kubwa kuliko baridi yenyewe. Humfumia yule ambaye mkono wake haumfikii, na kila kitanzi ni mkono uliorefushwa kidogo.

Wapenzi wa ushairi wanaijua hesabu hii. Mtunzi wa tarbia huhesabu kwa vidole mizani nane za ukwapi na nane za utao, na mzani mmoja ukipotea wajuzi husema shairi ni guni. Kanuni ni kanuni, na hakuna aliye mwaminifu kwa sanaa yake anayekosea kwa makusudi. Lakini shairi lililokamilika kwa vipimo bila pumzi ya mtu ndani yake ni kama kofia ya dukani: huvaliwa siku ya pili.

Bibi wa Ng'ambo alihesabu vitanzi kama anavyohesabu tasbihi, midomo ikicheza bila sauti. Siku moja jirani alibisha hodi, akaitikia, na aliporudi kwenye kazi akakuta kitanzi kimoja kimeponyoka, safu tatu chini. Angeweza kufumua. Alilitazama lile tundu kwa muda, kisha akakifunga kitanzi kwa kipande cha uzi kisiendelee kufumuka, akaendelea. Tundu likabaki juu ya sikio la kulia, dogo, lisilopitisha hata upepo.

Kofia ilisafiri ndani ya mzigo wa mtu aliyekuwa akirejea Uingereza. Katikati ya Novemba picha ikaja kwa simu. Wajukuu waliokuwapo nyumbani walimzunguka bibi, kila mmoja akitaja mtoto amefanana na nani. Yeye alivaa miwani, akaisogeza simu karibu na mwanga wa dirisha, akatafuta juu ya sikio la kulia. Tundu lilikuwapo. Ndipo akamtazama mtoto usoni.