Kutoka Oldonyo Sambu Hata Bandarini

Wengi wenu mlipata habari ya kuwa sisi, mume na mke, tulisafiri kwenda Dar es Salaam, tena tulikusudia kuvuka bahari mpaka Unguja. Tangu turudi mmetuuliza, "Unguja mliionaje?" Jibu letu ni fupi: hatukuiona. Lakini safari yetu haikuwa bure, na sababu ya kutovuka tutaieleza hapa, ijapokuwa inatutia haya.

Kwanza tuseme kidogo habari za mahali petu, kwa ajili ya wale wasiopajua. Oldonyo Sambu iko upande wa magharibi wa mlima Meru, katika barabara iendayo Namanga. Mlima wenyewe umepita mita 4,500 kwenda juu, lakini mvua nyingi huangukia upande wa kusini na mashariki, penye migomba na kahawa. Kwetu ni vumbi na upepo, mahindi na maharage, ng'ombe na mbuzi. Mtu wa kwetu akitaka duka kubwa hupanda gari, hupita Ngaramtoni, hata afike Arusha.

Tulioondoka tulikuwa watu wanne: sisi wawili, mwalimu mwenzetu, na mama mzee jirani yetu ambaye sote twamwita Koko. Mwanawe ni seremala Unguja, naye hajarudi nyumbani kwa miaka sita. Koko alitusihi tumchukue, akisema, "Nataka kumwona kabla macho hayajafunga." Alikuwa hajaiona bahari maisha yake yote.

Tena tulikuwa na amana. Kina mama 12 wa mtaa wetu walikuwa wameweka fedha mwaka mzima, kila mmoja shilingi 30,000, jumla yake 360,000, ili kununua cherehani ya kushonea sare za watoto wa shule. Walisikia ya kuwa bei ya Kariakoo ni nafuu kuliko ya Arusha, wakatupa sisi fedha hizo, kwa kuwa sisi ni walimu.

Tuliondoka Arusha alfajiri. Basi lilipita Moshi na Same, likafuata milima ya Pare, tukaona mashamba ya mkonge karibu na Korogwe, na baada ya kwenda zaidi ya kilomita 600 tukaingia Dar es Salaam usiku. Joto lilitupokea mlangoni mwa basi kama moshi wa jiko. Koko akavua shuka la juu, akasema, "Watu wa hapa hulalaje?" Tukamwambia, "Twendeni tukaone."

Siku ya kwanza tulitembea mjini, upande uitwao Uhindini, penye mitaa ya Kisutu, Jamhuri na Indira Gandhi. Msomaji akumbuke ya kuwa mji huu si wa zamani sana kama Kilwa au Lamu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakahamishia serikali yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Lakini njia ya bahari iliyouzaa ni ya kale mno. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni, na pepo za kusi ziliyarudisha. Watu waliofuata njia ile walileta biashara yao, na majiko yao pia.

Tulikula basi. Asubuhi tulipewa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, pamoja na chapati na maharage. Saa nne tukaona mtu akikaanga bajia na kachori katika karai kubwa, akazitia ndani ya karatasi na chatne ya nazi juu yake. Mchana tulikula biriani, wali wake wa rangi tatu, nyama imejificha chini. Jioni tukakuta mishkaki juu ya makaa, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mzee mmoja akapita na birika la kahawa chungu, akigonga vikombe vyake vilie, na kando yake mtoto ana sinia ya kashata. Tuliona pia watu wakinunua tambuu, wakaitafuna mpaka midomo ikawa myekundu. Koko alikataa kuionja. Alisema rangi ile yamtosha katika shuka.

Katika kula tulijifunza jambo. Tulidhani tunaonja vitu vigeni, kumbe vingi vyao vimekwisha kutufikia zamani. Ni nani kwetu asiyepika chapati siku ya sikukuu? Hata maneno yetu yamepita bahari ile ile. Tunaposema gari, pesa, chapati na laki, tunasema maneno yaliyotoka Bara Hindi. Wazee wetu walihesabu kwa rupia kabla ya shilingi kuja mwaka 1921. Na mahindi yetu ya loshoro, ambayo twadhani yalizaliwa penye mlima wetu, asili yake ni Marekani, yakaletwa Afrika kwa merikebu. Walimu waweza kuwapa watoto kazi hii: wahesabu vitu vya jikoni kwao, kisha waulize kila kimoja kilitoka wapi.

Siku ya pili tulikwenda Kariakoo. Jina hili latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita kuu ya kwanza, walioitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Watu wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Lakini Kariakoo si jengo peke yake. Ni mitaa mingi iliyojaa maduka chini na juu, na wachuuzi njiani, na mikokoteni, na watu wakisukumana kama ng'ombe kwenye birika la maji wakati wa kiangazi.

Tuliona kanga zimefungwa kwa jora, na vitenge, na mashuka ya Kimasai mekundu na ya buluu. Kanga nazo zina hadithi ndefu. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, wakaziunganisha kwa kushona. Na neno leso ni la Kireno. Baadaye nguo hizo zilipigwa chapa Ulaya na Bara Hindi, kisha hapa nchini, hasa baada ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968.

Katika duka moja Koko alisimama ghafula. Mbele yake palikuwa na ushanga, mafungu kwa mafungu, mweupe, mwekundu, wa buluu, wa rangi ya chungwa, sawasawa na ule aliouvaa shingoni. Alimwuliza mwenye duka, "Huu mmeununua kwetu?" Yule akacheka kwa adabu, akasema, "Hapana, bibi, huu hutoka ng'ambo." Tukamweleza Koko ya kuwa tangu zamani ushanga wa vioo uliokuja Afrika ya Mashariki ulitengenezwa katika mji wa Venice, na katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Akaushika ule wa shingoni mwake, akanyamaza kitambo. Ndipo akasema, "Kumbe bahari nilikuwa nimeivaa siku zote." Akanunua fungu moja dogo jeupe.

Sasa tunafika penye aibu yetu. Bei ya cherehani tulikuwa tumekwisha kuiuliza, nayo ilikuwa 350,000, tukasema tutaichukua jioni ili tusibebe mzigo mchana kutwa. Tulipokuwa tukipita, kijana mmoja alitufuata na simu nzuri sana. Alitaka 200,000, akashuka mpaka 150,000, akashuka mpaka 120,000. Simu yetu ilikuwa imepasuka kioo. Tukatazamana, mume na mke. Fedha zetu wenyewe zilikuwa zimehesabiwa kwa nauli ya meli na chakula cha Unguja. Tukasema moyoni, "Tuchukue katika fungu la kina mama, mwisho wa mwezi tutarudisha, na cherehani tutainunua Arusha." Hatukumwuliza mtu. Mwalimu mwenzetu na Koko walikuwa wametangulia hatua chache. Kijana alitupa simu mkononi, tukaijaribu, ikawaka. Akaitwaa ili aitie katika boksi lake, akalifunga vizuri, tukampa fedha, akapotea katika watu.

Usiku katika nyumba ya wageni tulifungua boksi lile. Ndani yake palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa sawasawa kwa kisu.

Wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Maneno hayo tumewafundisha watoto wa watu miaka mingi, tena kwa kuandika ubaoni. Usiku ule yalirudi kwetu. Tulitaka kuficha habari mpaka tufike nyumbani, lakini Koko aliona nyuso zetu, akauliza. Tukamwambia yote.

Akauliza tena, "Fedha zile zilikuwa za nani?"

Tukasema, "Za kina mama."

Akasema, "Wanangu, mimi ni mmoja wa wale 12. Yule kijana amewaibia ninyi, nanyi mmeniibia mimi."

Hatukuwa na la kujibu. Yeye hakupaza sauti. Baada ya kitambo alifungua pindo la kanga yake, akatoa fedha alizoziweka kwa ajili ya kumnunulia mwanawe zawadi, akasema, "Chukueni hizi, mwongeze." Tulikataa. Kama tungalizipokea, aibu yetu ingalikuwa mara mbili.

Ndipo tukafanya hesabu. Nauli ya watu wawili kwenda Unguja na kurudi, pamoja na fedha zetu za chakula na malazi ya huko, ilitosha kujaza pengo lile. Tiketi hatujazinunua bado. Basi tuliamua hivi: Koko na mwalimu mwenzetu wavuke, nasi tubaki. Koko aliposikia, aliogopa. Alikuwa amesikia habari za meli zilizozama katika maji ya Zanzibar, moja mwaka 2011 na nyingine mwaka 2012, ambazo watu wengi walikufa ndani yake, naye alitaka sisi tuwe kando yake. Tukamwambia mwenzetu atamshika mkono njia nzima, na kwamba meli ziendazo leo ni za mwendo wa haraka, zavuka katika muda wa saa mbili hivi. Alifikiri sana. Mwisho akasema, "Mwanangu yuko ng'ambo. Nitakwenda."

Siku ya tatu mapema tulirudi Kariakoo, tukanunua cherehani kwa bei ile ile, tukaijaribu kwa kitambaa mara mbili kabla ya kulipa, tena sisi wenyewe tulitazama ikifungwa. Kisha tukawasindikiza wenzetu bandarini, tukapita mbele ya kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walilijenga katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, lenye paa la vigae vyekundu. Watu wa pwani na wa bara, wenye kanzu na wenye mashuka, walisimama katika mstari mmoja, vitambulisho mkononi.

Koko aliiona bahari kwa karibu mara ya kwanza pale. Aliinama, akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema, "Maji haya yote, na ng'ombe mmoja hawezi kunywa." Halafu akapanda ngazi, mwenzetu amemshika mkono, na ule ushanga mweupe umefungwa katika kanga yake. Hatukujua mpaka siku ile ya kuwa aliununua kwa ajili ya mke wa mwanawe, ambaye hajapata kumwona.

Meli ilitoka katika mlango wa bandari, ikazidi kuwa ndogo. Sisi tulibaki ufukweni, sanduku la cherehani katikati yetu, na fedha zilizobaki zilitutosha nauli ya basi na mihogo ya njiani. Baada ya saa tatu simu yetu yenye kioo kilichopasuka ililia. Alikuwa Koko. Alisema, "Nimefika. Ameota ndevu." Hakuweza kusema zaidi.

Tulipofika Oldonyo Sambu tuliwakusanya kina mama, tukawaeleza mambo yote, hata ile sabuni. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na haki yao. Mmoja akafungua sanduku, akazungusha gurudumu la cherehani, akaona laenda vema. Kisha wakapatana ya kuwa tangu sasa fedha zao zitashikwa na watu wawili wa nyumba mbalimbali, zihesabiwe mbele ya wote kabla ya safari na baada yake. Mume na mke, walisema, ni mtu mmoja, hawawezi kuangaliana. Tulikubali.

Koko alirudi baada ya wiki mbili na karafuu katika pindo, akatupikia chai kwa karafuu hizo. Ametusimulia habari za urojo, wa rangi ya manjano, wenye ukali wa embe, na viazi na bajia ndani yake, na vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo mtu aweza kupotea mchana. Habari hizo ni zake, na tumemwomba azieleze mwenyewe siku nyingine. Sare 9 zimekwisha kushonwa.

Haya, kwaherini, wasomaji wetu. Mkienda Kariakoo, jaribuni kitu, kisha msikiache mkononi mwa mwuzaji mpaka kifike mfukoni mwenu. Na kama fedha mliyo nayo ni ya watu, msiwe na macho ya kutazama vitu vya kwenu wenyewe.