Rekodi Isiyofutwa

Maisha yangu ya kazi yamepita nikijenga na kusimamia hifadhidata, na imani niliyotoka nayo humo ni moja: rekodi inayogusa haki ya mtu haifutwi, wala haiandikiwi nyingine juu yake. Jambo likibadilika, huongezwa rekodi mpya, na ya zamani hubaki ikisomeka, pamoja na jina la aliyeibadilisha, saa na sababu. Mengine ya fani hii, kama kuchagua programu au kupanga majedwali ili majibu yapatikane haraka, yana thamani yake, lakini yakiharibika hurekebishika. Historia ikishafutwa hairudi. Sijaona mahali panapolionyesha hilo waziwazi kuliko rejista ya ardhi ya Kajiado nchini Kenya, hasa kadi za mashamba ya Kitengela.

Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, wanachama wakapata kila mmoja shamba lake. Tangu hapo mashamba hayo yamekatwa na kukatwa tena, mengine yakawa ploti za futi 50 kwa 100. Chukua shamba lolote lililosajiliwa chini ya ile Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300. Kadi yake ya kijani ina sehemu tatu: maelezo ya ardhi yenyewe, mwenye ardhi, na vikwazo kama rehani ya benki au tahadhari, yaani zuio la kuhamisha umiliki. Kila ingizo lina namba, tarehe na sahihi ya msajili. Shamba likiuzwa, jina la muuzaji halikwanguliwi. La mnunuzi huandikwa chini yake, kwa namba inayofuata. Likigawanywa, mpima ardhi hujaza fomu ya mgawanyo, kadi ya zamani hufungwa, na vipande hupewa namba mpya. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa na seva, lakini walijua kanuni mbili ambazo waandishi wengi wa programu huzikiuka hadi leo: kitambulisho cha rekodi hakitumiki mara mbili, na mabadiliko huandikwa kwa mfuatano.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliitilia nguvu hoja hii katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Iliamua kuwa umiliki unapopingwa, hati pekee haitoshi. Lazima ionekane ardhi ilipitia wapi hadi kumfikia anayeidai. Tayari kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kilikuwa kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha utaratibu. Basi jedwali lenye namba ya shamba na jina la mwenyewe wa leo tu linajibu swali dogo kuliko lile ambalo mahakama inauliza.

Tiba si ngumu. Umiliki uwe na jedwali lake, kila rekodi na tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mwenye shamba wa leo ni yule ambaye tarehe yake ya kukoma bado ni tupu. Ruhusa ya kufuta isipewe akaunti yoyote inayotumiwa na programu. Hifadhidata yenyewe, bila kutegemea skrini ya karani, ikatae vipande ambavyo jumla yake inazidi shamba mama, na ikatae uhamisho wa shamba lenye tahadhari. Kisha kila mtu aingie kwa jina lake. Hapa ndipo ninaposhikilia zaidi, kwa sababu nywila inayojulikana na ofisi nzima huharibu ushahidi wote: rejista itasema "msimamizi" alibadilisha, na msimamizi ni watu saba. Marekebisho ya moja kwa moja kwenye data hai, hata yakiombwa kwa dharura, yapitie mikono miwili. Mmoja aandike amri, mwingine aisome na kuitekeleza.

Kuna wanaosema historia yote hiyo hula nafasi na kupunguza kasi. Kwa mfumo wa malipo ya simu hoja hiyo ina uzito. Kwa shamba linalobadili mwenyewe mara chache katika kizazi kizima, haina. Pingamizi kubwa zaidi hutoka kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kuomba data zake zirekebishwe au zifutwe. Naiheshimu haki hiyo, lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kuhifadhi kile ambacho sheria nyingine inataka kihifadhiwe. Namba za simu na picha za vitambulisho zikae kwenye jedwali la pembeni, wazione wachache, zifutwe muda wake ukiisha. Mfululizo wa umiliki ubaki.

Wengine hutukumbusha kwamba kadi zenyewe zina makosa, na kwamba jina moja la Kimaasai laweza kuandikwa kwa tahajia tofauti kutoka kadi hadi kadi. Tukiziingiza kwenye kompyuta, wasema, tunaupa uongo sura ya ukweli. Hatari hiyo ni ya kweli, na imekuwa ya haraka zaidi tangu serikali ilipozindua Ardhisasa, mfumo wake wa ardhi wa mtandaoni, Aprili 2021, ikianzia Nairobi. Kwa hiyo karani asinyooshe tahajia. Aandike jina kama lilivyo, picha ya kadi ikae kando ya maandishi, na rekodi yenye shaka iwekewe alama. Uongo wenye tarehe na jina la aliyeuingiza unaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Kajiado. Ukisafishwa kimyakimya, hauna pa kushikwa.

Yote haya hutegemea nakala ya akiba inayofunguka. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, alifuta data kwenye seva isiyo sahihi, na kampuni ikagundua kuwa njia zake za kawaida za kuweka nakala hazikuwa zikifanya kazi. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa yapata saa 6 kabla ya hapo. Ndiyo maana siihesabu nakala kuwa ipo mpaka irudishwe kwenye seva nyingine, iliyo katika jengo jingine, na rekodi zake zilinganishwe na zile hai. Zoezi hilo lifanywe kila mwezi, likisimamiwa na mtu ambaye siye aliyeitengeneza nakala.