Miti Iliyofungwa

Kila lugha ina maneno yaliyozaliwa nyumbani na maneno yaliyoletwa na upepo. Jina la chombo nitakachokisimulia lililetwa na upepo kutoka Bara Hindi. Watamil walifunga magogo kwa kamba wakavulia samaki, wakayaita kattumaram, yaani miti iliyofungwa. Wazungu walilichukua jina hilo wakalivika chombo cha namna nyingine, chenye viwiliwili viwili vilivyoungwa ubavu kwa ubavu, mfano wa vyombo vya watu wa visiwa vya Pasifiki. Sisi leo twasema katamarani. Basi jina limemhama mwenyewe, walakini maana yake haikupotea. Kwa kuwa katika chombo hicho miti si kitu, kifungo ndicho chombo.

Katamarani yangu ya kwanza niliinunua Mwanza kwa mtu aliyekuwa akirejea kwao. Ni ya aina ya Hobie 16, iliyobuniwa na Hobie Alter wa California: urefu wake mita 5 na kidogo, upana mita 2.4, na uzito kama kilo 145. Iliwasili pwani ya ziwa juu ya gari, vipande vitupu: viwiliwili viwili, vyuma vya kuviunganisha, mlingoti, matanga mawili, na gunia la kamba.

Katika Ziwa Viktoria hilo si jambo geni. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna mto uwezao kupandisha meli hata huku. Kwa sababu hiyo vyombo vya kigeni viliingia vipande vipande. Lady Alice, mashua ya Stanley, ilitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 juu ya mabega ya wapagazi, ikateremshwa majini si mbali na Mwanza mwezi wa Machi 1875. William Mackinnon iliteremshwa Kisumu mwaka 1900. Na Victoria, iliyotengenezwa Uskoti, iliungwa Kisumu hapo hapo ikateremshwa mwaka 1960. Majina ya meli yamehifadhiwa vitabuni, na ya wakubwa wake pia. Mabega yaliyobeba, aghalabu hayakuandikiwa jina. Na Kiswahili nacho kilipanda bara kwa njia zile zile, juu ya ndimi za watu wale wale, neno baada ya neno, hata kikaungwa huku kikawa lugha ya watu ambao hawajapata kuiona bahari.

Kazi ya kuunga ilichukua siku mbili. Mvuvi mmoja mzee, jirani yetu pale ufukoni, alinisaidia. Baina ya vyuma tuliwamba turubai kama watu wanavyowamba kitanda, tukaikaza mpaka ikalia kama ngoma. Kisha tukausimamisha mlingoti, tukaushika kwa waya tatu, mmoja omo na miwili mbavuni. Mzee alikizunguka chombo akatikisa kichwa.

"Mwalimu, chombo hiki hakina tumbo. Kitabeba nini?"

"Kitanibeba mimi, mzee wangu."

"Basi nawe ujifunze kuwa mwepesi."

Nilimweleza kuwa hakikosi uthabiti, ila uthabiti wake hautoki katika uzito bali katika upana, kama ngalawa isimamavyo kwa mirengu yake. Hilo alilikubali mara moja. Lakini nilipotaja jarari, ipandishayo tanga, na demani, iliyoongozayo, alicheka. Kwake zote zilikuwa kamba. Mashua yake yaenda kwa mashine tangu miaka mingi, na wanawe hawajapata kutweka tanga.

Hapo nilifikiri sana. Twapenda kusema kwamba maneno yetu huuawa na maneno ya kigeni. Yamkini ni kweli kwa baadhi yake. Lakini neno la kazi hufa siku ile kazi yake ifapo, hata kama hakuna mgeni aliyelisogelea. Nimefundisha maneno ya ubaharia miaka mingi, na wanafunzi wameyaandika daftarini na kuyajibu katika mitihani. Yalikuwa mazima, lakini yalikuwa vipande.

Siku ya safari nilikwenda na mwanafunzi wangu, binti wa Ukerewe. Tulivaa majaketi ya kuokolea tukangoja asubuhi ikomae. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba za radi hukusanyika huko katikati. Wavuvi wengi wamepotelea humo. Mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Ilitupasa basi kuubisha upepo ili tutoke.

Katamarani hukimbia vizuri, lakini hugeuka kwa shida. Ni nyepesi mno kuvuka jicho la upepo kwa nguvu ya mwendo wake, na viwiliwili vyake viwili virefu hupenda kwenda sawa. Katika mgeuko wa tatu ilisimama, omo ikikabili upepo, matanga yakipigapiga, nasi tukaanza kurudi kinyumenyume kuelekea majabali. Dawa yake yajulikana: kulegeza tanga kubwa, kushika tanga la mbele upande wa upepo, na kugeuza usukani kinyume mpaka omo iangukie upande mmoja. Nikasema, "Demani legeza! La mbele, joshi!" Binti akatenda kabla sijamaliza, nami nikasukuma kana. Omo ikaanguka, matanga yakajaa, majabali yakabaki nyuma.

Ningalisema, "Legeza ile kamba iliyofungwa katika pembe ya chini ya tanga kubwa," tungalifika majabalini sentensi haijafika kituoni. Neno la kazi si pambo la lugha. Ni maarifa ya watu wengi yaliyofupishwa hata yakatosha katika pumzi moja, na thamani yake huonekana pale ambapo pumzi ni moja tu.

Kamusi zetu zimefanya wema mkubwa kuhifadhi miti. Tuzishukuru, wala tusizidai kamba, kwa maana kamba hufumwa na mikono. Binti yule sasa akusanya maneno ya wavuvi wa Ukerewe, ya mashine pamoja na ya nyavu, naye huyakusanya mashuani, watu wakiwa kazini, si barazani. Nadhani amelishika somo kuliko nilivyolifundisha.