Chuma cha Kuharibu

Juu ya meza yangu kuna pande la chuma la mraba, milimita 60 kila upande, unene milimita 20. Wageni hudhani ni la kuzuia karatasi zisipeperuke, nami huwaacha wadhani hivyo. Nililitengeneza mwaka 1980, chuoni Chang'ombe, Dar es Salaam, kwa tupa peke yake. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu.

Mwalimu alimpa kila mmoja wetu kipande kilichokatwa kwa msumeno, hakina upande ulionyooka hata mmoja, akasema tukinyooshe. Unakibana kwenye jiliwa. Unatanguliza mguu wa kushoto, unaisukuma tupa kwa mwili mzima, si kwa mikono, na wakati wa kurudi unainyanyua, maana tupa hukata ikienda tu. Ukiikandamiza ikirudi unayaua meno yake. Mara kwa mara unayasugua meno hayo chaki ili vumbi la chuma lisinate. Kisha unachukua pande lako, unalisugua kidogo juu ya bamba lililopakwa rangi ya buluu, unaligeuza kutazama. Palipodaka buluu ndipo palipoinuka, basi unapunguza hapo na si pengine. Unarudia. Unarudia tena mpaka buluu ienee uso mzima.

Mwisho mwalimu alilichukua, akalielekeza dirishani, akaegemeza skwea kwenye pembe na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya chini ya skwea, hata uwe mwembamba kama uzi wa buibui, alikurudishia bila kusema neno. Pande langu la kwanza lilirudishwa mara nyingi hata likaisha unene, akalitupa kwenye ndoo, akanipa jingine. La pili nalo likaenda ndooni. Hili la mezani ni la tatu.

Miaka ile niliona aibu kwa yale mawili ya ndooni. Leo ndiyo ninayoyafikiria zaidi kuliko hili lililobaki.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976 na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno, na wengi wetu tulirudi shambani bila kumlaumu mtu. Nililima na baba miaka mitatu huko Kilosa kabla ya kusikia habari za mafunzo ya ufundi. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mwepesi kuueleza: mwaka mmoja chuoni unajifunza misingi, halafu unapelekwa kiwandani kuwa mwanagenzi, unafanya kazi huku unafundishwa, na katikati yake unakwenda kwenye majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili, na ukijaliwa la kwanza. Nchi ilikuwa imejenga viwanda na ilihitaji watu wa kuvitengeneza vikiharibika. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kikifuma tangu mwaka 1968, na vingine vya nguo vilijengwa Mwanza, Musoma na Morogoro. Mimi nilipelekwa Morogoro mwaka 1981, kwenye karakana ya kiwanda kimoja, nikiwa na umri wa miaka ishirini.

Nilifika wakati mbaya, na kwa ufundi ukawa wakati mzuri. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na hazina ya nchi ilikuwa tupu. Fedha za kigeni hazikupatikana. Mashine za kufuma zilitoka ng'ambo, vipuri vyake vilitoka ng'ambo, na kipuri kilichoagizwa kingeweza kuchukua mwaka au kisije kabisa. Kwa hiyo kila kilichovunjika kilikuja kwetu: shafti, gia, bushi, hata skrubu ndogo zenye hesabu ya ajabu. Tulivipima vilivyovunjika, tukavichora, tukavikereza wenyewe.

Aliyenifundisha kukereza alikuwa mzee mmoja Mgogo, mrefu, mwenye kovu la cheche chini ya jicho. Tulimwita Mzee tu. Kando ya mashine yake kulikuwa na sanduku la mbao lililojaa mabaki, vipande vya shafti zilizokatika, ncha za nondo, gia zisizo na meno. Aliliita sanduku la kuharibia. Nilipomwambia nataka kujaribu kukereza bushi ya shaba, alinijibu: "Shaba hupewi mpaka umeharibu chuma cha kutosha." Nikaharibu chuma miezi minne. Shafti ile ilikuwa na kipenyo cha milimita 40, na bushi yake ilitakiwa iwe na nafasi ya sehemu tano za mia za milimita, zisizidi sana wala zisipungue. Ikibana, shafti inashika moto. Ikilegea, mashine nzima inatetemeka na kitambaa kinatoka na mistari. Siku niliyopewa shaba niliikosea, nikaizidisha tundu. Mzee alipitisha shafti, akasikiliza inavyogonga ndani, akaitupa. Hakunikata mshahara wala hakunipeleka kwa meneja. Aliandika kwenye daftari la karakana kwamba kipande kimeharibika kazini, akanipa kingine.

Sikujua wakati ule kwamba daftari lile ndilo lililokuwa shule yangu. Kiwanda kilikuwa kimekubali kubeba hasara ya mikono yangu mpaka itakapojua kazi. Tulisifu mitaala, tukasifu walimu, tukasifu nidhamu, nami nimeyasema hayo mara nyingi katika mikutano ya wazazi. Yote ni kweli. Lakini chini ya yote palikuwa na mtu aliyelipia chuma nilichokiharibu.

Sitaki kuisifu zama ile kupita kiasi. Katika darasa letu la Chang'ombe hapakuwa na msichana hata mmoja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wako mafundi wakongwe waliogeuza mgongo walipopanga gia za kukata hesabu ya skrubu, ili mwanagenzi asione. Nilimfulia mmoja ovaroli mwaka mzima na hakunionyesha. Mzee alikuwa tofauti na wengi wao.

Miaka ya 1990 viwanda vya umma vikaanza kubinafsishwa. Chetu kilisimama, kikauzwa, kikasimama tena, na mwaka 1996 tulipewa barua. Nilikuwa langoni siku lori lilipokuja kuchukua mashine ya kukereza ya Mzee. Ilikuwa bado inafanya kazi. Waliikata kwa gesi vipande vitatu ili ipakiwe kwa urahisi, wakaipima kwa kilo. Mzee alikwisha kustaafu na kurudi Dodoma, na namshukuru Mungu kwamba hakuiona siku ile.

Katika miaka ileile serikali ilikuwa ikijenga upande wa pili. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vyuo vikapata uongozi mpya, vikapata fedha kutokana na tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri, vikaenea mikoani. Hilo lilikuwa jambo jema na mpaka leo ni jema. Ila ngazi ilikuwa na vikanyagio viwili, chuo na kiwanda, na tulipokuwa tunakiimarisha kimoja, kingine kilikuwa kinauzwa kwa kilo. Kijana alitoka chuoni na cheti, akakuta karakana za mitaani tu, mtu mmoja na mashine moja ya kuchomelea aliyoinunua kwa mkopo.

Sasa niseme langu. Mwaka ule wa 1996 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na mikono. Fundi anamtambua mtoto mwenye mikono kama mkulima anavyotambua udongo. Siku moja nilirudi nyumbani nikitoka kuzungukia kazi nisizozipata, nikamkuta amekaa sakafuni, redio yetu ya pekee imefunguliwa mbele yake, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko kwa mpangilio wa zilivyotoka. Zimepangwa vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi katika umri wake. Nilimpiga. Nikamwambia maneno ambayo mafundi wengi wa rika langu tuliwaambia watoto wetu: "Soma, usije ukawa kama mimi." Nikakusanya vifaa vyangu, nikavifungia kwenye sanduku, ufunguo nikauficha.

Ni rahisi kusema vijana wa leo hawapendi kazi za mikono. Nani aliyewafundisha? Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe mahali ambapo akili na mikono vinafanya kazi pamoja. Lakini katika shule niliyosoma mimi aliyechelewa namba alipewa jembe, na aliyepiga kelele alipewa ndoo ya maji. Mtoto akihukumiwa kulima, atajifunza nini kuhusu kulima? Tulipokua tukaliendeleza jambo hilo nyumbani kwetu, sisi wenyewe tulioishi kwa mikono. Mwanangu alisoma, akapata shahada ya biashara, anafanya kazi Dar es Salaam na ananitunza vizuri. Pampu ya maji ikimharibikia anamwita mtu, anamlipa, anasimama pembeni akitazama. Nimemwona anavyotazama.

Mwaka jana alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Baba, mjukuu wako amemaliza kidato cha nne. Amechagua kwenda chuo, anataka kusomea ukerezaji." Akanyamaza tena. "Sikumkataza."

Nilishindwa kumjibu. Nilimwambia namuombea mtoto heri, nikakata simu, nikakaa barazani mpaka giza likaingia.

Siku hizi mwelekeo umebadilika tena, na nafurahi. Sekondari zimefunguliwa mkondo wa amali, na mtoto anaweza kusoma ufundi bila kuhesabiwa kuwa ameshindwa masomo. Mafundi wa chini ya mwembe, waliojifunza bila kukanyaga chuo, wanapimwa ujuzi wao na kupewa vyeti. Uanagenzi wenyewe umerudi kutajwa katika hotuba na katika mipango ya serikali. Mjukuu wangu anasema darasani kwao wasichana wako wanne. Wanne! Anajua kuchora kwa kompyuta vitu ambavyo mimi nilivichora kwa penseli usiku kucha.

Alikuja kwangu likizo, akitokea fildi. Alikuwa amewekwa wiki nane katika karakana moja ya mjini hapa. Nikamwomba kitabu chake cha fildi nikakisoma kwa miwani, ukurasa baada ya ukurasa. Kupiga tupa: amefanya. Kukereza shafti: amefanya. Kukata skrubu: amefanya. Saini zote zilikuwa za wino mmoja.

"Umekata skrubu?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Hapana, babu. Walinisainia zote siku ya mwisho."

"Wiki nane ulikuwa unafanya nini?"

"Nilifagia. Nilikuwa nawashikia tochi. Yule mwenye karakana si mtu mbaya, babu. Alisema mashine ni moja, na chuma ni cha mteja."

Niliudhika, kisha hasira ikaniishia. Mtu yule ana mashine moja na watoto wa kusomesha. Shafti anayoletewa ni ya mwenye trekta, naye anaisubiri nje. Mwanafunzi akiikosea, nani atalipa? Chuo hakitalipa. Tozo inayolipwa na waajiri kila mwezi haifiki kwenye benchi lake. Tunamwomba afanye bure kazi iliyokuwa ikifanywa na kiwanda kizima, tena tunamlaumu akisaini uongo. Mimi ningeona sehemu ya fedha zile ikimfuata mwanagenzi mpaka pale alipo, ikanunua vyuma vya kuharibu, ikamlipa fundi saa anazopoteza kumfundisha, ningesema tumerudisha kikanyagio cha pili. Kuongeza madarasa bila hilo ni kumpa mtoto kitabu cha kusainiwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Msamvu, hapa Morogoro, kwa wauza skrepa. Nikachagua mabaki ya bamba na vipande vya shafti, vikapimwa, kilo kumi na nane, nikavileta kwa bodaboda ndani ya kiroba. Nikafungua sanduku langu. Tupa mbili zilikuwa zimeshika kutu, moja ilikuwa inafaa bado. Jiliwa nilikwisha kuiuza zamani, nikaazima kwa fundi baiskeli wa jirani, tukaifunga kwenye meza ya jikoni huku bibi wa mjukuu wangu akilalamika.

Mjukuu aliishika tupa kama kalamu. Nikamsogeza mguu wa kushoto mbele, nikamwonyesha jinsi mwili unavyosukuma. Ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa na pande lake la kwanza, amelipaka rangi kwa kalamu ya buluu kwa kuwa ile ya kiwandani hatuna. Nikaliinua kuelekea jua, nikaegemeza skwea, nikampa aone mwenyewe. Mwanga ulipita chini yake, mpana kama ukucha.

Alilitazama kwa muda. Akalitupa kwenye ndoo, akainama kwenye kiroba kutafuta jingine.